Pingili imebonyea na daktari ametaja simenti: tukubali au tusubiri?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Tabata. Wiki tatu zilizopita aliinua ndoo ya maji ya lita 20 bafuni, akasikia kitu kimelia kiunoni. Tangu hapo hawezi kukaa wala kugeuka kitandani bila kulia. Eksirei inasema pingili ya L1 (ya kwanza ya kiuno) imeporomoka kwa mbele, karibu theluthi moja ya kimo chake. Ana pumu na ametumia prednisoloni kwa vipindi miaka mingi. Pia anameza aspirini ndogo ya presha. Daktari mmoja anasema anaweza kuchomwa simenti kwenye uti wa mgongo bila kupasuliwa. Jirani anasema simenti inapoozesha watu. Tukubali? Na mwezi ujao anatakiwa Songea kwenye arobaini ya kaka yake, ataweza kusafiri?

JIBU: Marahaba. Msikatae, lakini msikubali bado. Mlichonacho mkononi ni eksirei moja. Hiyo inaonyesha kwamba pingili imebonyea. Haisemi imebonyea lini wala kwa nini. Simenti itafaa au haitafaa kutegemea hayo mawili.

Kwanza simenti yenyewe, maana jina ndilo linalotisha watu. Haina undugu na ile ya mfuko wa kilo 50. Ni plastiki ya jamii ya akriliki, ndugu ya ile inayotengenezea fizi za meno ya bandia. Huja ikiwa unga na kimiminika kidogo katika chupa ya kioo. Vikichanganywa huwa uji, baadaye hukaza kama dawa ya meno, halafu huwa vigumu kama jiwe, na yote hayo kwa kawaida hayafiki nusu saa. Harufu yake utaijua kama umewahi kupita saluni wanapotengeneza kucha za akriliki. Unga wa simenti ya mgongo huchanganywa na chumvi ya bariamu, karibu asilimia 30, ili daktari aione wazi kwenye kioo cha eksirei inapoingia. Simenti ya nyonga bandia ina bariamu kidogo zaidi, kama asilimia 10, na ndani ya pingili haionekani vizuri. Hilo ni jambo la kuuliza mapema, kwa sababu vifaa hivi mara nyingi huagizwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja mmoja.

Kazi hii ilianzia Amiens, Ufaransa, mwaka 1984, kwa mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa mishipa ya damu kwenye pingili ya shingo. Baadaye ikahamia kwa wazee wenye mifupa iliyopoteza madini. Inaitwa vetebroplasti. Ndani ya pingili mfupa umejengeka kama sifongo, vijiti vyembamba vinavyoshikana. Vikivunjika husuguana kila mtu anapokaa au kugeuka, na huko ndiko maumivu ya mama yako yanakotoka. Simenti hujaza matundu ya sifongo na kuvishika vile vipande visicheze. Haiirudishi pingili kwenye kimo chake cha zamani kwa kiasi cha kujivunia, na haitibu udhaifu wa mfupa. Inatuliza maumivu ya mvunjiko mmoja, basi.

Ndiyo maana lazima tujue mvunjiko ni mbichi. Wazee wengi wana pingili mbili tatu zilizobonyea zamani bila wao kujua. Mtu anapungua kimo, mgongo unapinda kidogo, watu wanasema ni uzee. Eksirei ya leo huzionyesha zote pamoja, na ukijaza simenti kwenye ya zamani umetibu picha, maumivu yako palepale. Kipimo kinachotofautisha ni MRI, hasa zile picha zinazozima mng'ao wa mafuta, wataalamu huziita STIR. Mvunjiko mbichi una majimaji ndani, na kwenye picha hizo unang'aa mweupe kati ya pingili nyeusi. Uliopona haung'ai. Kama mama ana betri ya moyo isiyoruhusu MRI, hufanywa CT pamoja na skani ya mifupa. Daktari naye apitishe kidole katikati ya mgongo na kubonyeza: panapouma pakiwa palepale panapong'aa, tumempata mwenye makosa.

Swali la kwa nini ndilo linalonipa wasiwasi zaidi kwa mama yako. Prednisoloni ya miligramu 5 au zaidi kwa siku, ikitumika miezi mitatu na kuendelea, hula mfupa. Vipindi vingi vya miaka mingi navyo hujumlishana. Kwa hiyo maelezo rahisi tunayo: mfupa ulikuwa dhaifu, ndoo ikaumalizia. Ila dawa hiyohiyo hupunguza kinga ya mwili na kuficha homa, na sisi tunaishi katika nchi yenye kifua kikuu. Kifua kikuu cha mgongo kinaweza kuonekana kama pingili iliyobonyea tu. Ukijaza simenti humo umewapa bakteria kitu kigumu cha kujificha ambacho dawa haziwezi kukipenya.

Picha huwa na dalili zake. Mfupa dhaifu ukibonyea, diski ya juu na ya chini kwa kawaida hubaki salama. Kifua kikuu mara nyingi hushambulia pingili mbili zinazopakana, baadaye na diski iliyo kati, na pembeni kukawa na mfuko wa usaha. Saratani iliyosambaa hupenda kula vishikizo vya pingili, zile nguzo mbili fupi za mfupa zilizo nyuma yake. Katika eksirei ya kutoka mbele, vishikizo hivyo viwili huonekana kama macho mawili. Jicho moja likipotea, simama hapo kwanza, usizungumzie mfupa dhaifu. Damu ipimwe: picha kamili, ESR (huonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini), kreatinini ya figo, kalsiamu, na mgawanyo wa protini kwa ajili ya saratani ya uboho inayoitwa maieloma, ambayo hujificha sana kwenye migongo ya watu wa umri huu. Kama shaka bado ipo, kipande kidogo cha mfupa kitolewe kwa sindano kipelekwe maabara na kwenye GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu. Kwa kweli hata pasipo na shaka kubwa, kuchukua kipande kupitia sindano ileile kabla ya kumimina simenti hakuongezi tundu lingine kwa mgonjwa. Omba kifanyike.

Mtu hafanyiwi kabisa akiwa na maambukizi mwilini au kwenye pingili, damu yake ikiwa haigandi, au ukuta wa nyuma wa pingili ukiwa umepasuka na kusukumwa kwenye mfereji wa neva. Akiwa na miguu inayokosa nguvu, ganzi sehemu za siri, au mkojo umeziba au unatoka wenyewe, hiyo ni dharura ya upasuaji siku hiyohiyo. Msingoje miadi.

Sasa, tusubiri au tufanye? Hapa wataalamu wenyewe hawakubaliani, na ni haki yako kulijua hilo. Mwaka 2009 zilitoka tafiti mbili zilizolinganisha simenti halisi na utaratibu wa kuigiza, ambapo mgonjwa alichomwa ganzi lakini hakuwekewa simenti. Makundi yote mawili yalipata nafuu sawa. Wakosoaji walisema wengi wa wagonjwa wale walikuwa na mivunjiko ya miezi mingi. Mwaka 2016 utafiti wa Australia ulichukua watu wenye maumivu makali na mivunjiko isiyozidi wiki sita, na simenti ikawa bora kuliko kuigiza. Mwaka 2018 wa Uholanzi, wenye mivunjiko mibichi pia, haukuona tofauti. Mimi nasoma hivi: wengi hupona bila simenti ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili, na lipo kundi dogo linalofaidika, la wazee ambao maumivu yamewalaza kitandani licha ya dawa za kutosha. Mzee aliyelala wiki nzima hupoteza misuli, hupata nimonia, damu huganda miguuni. Kwake yeye kungoja nako kuna bei.

Je, mama amepewa dawa za kutosha? Mara nyingi jibu ni hapana. Parasetamoli gramu 1 mara tatu kwa siku kwa saa zake, siyo anapoumia tu; kama uzito haufiki kilo 50, dozi ipungue. Diklofenaki naipinga kwake: ana umri, ana presha, ana pumu, yuko kwenye aspirini, na prednisoloni na diklofenaki kwa pamoja hutoboa tumbo. Tramadoli inaweza kuongezwa kwa dozi ndogo, lakini ifuatane na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu kujikamua chooni ni maumivu juu ya maumivu, na usiku asiende maliwatoni peke yake kwani dawa hiyo hulevya. Mkanda wa mgongo avae anapoinuka, kwa wiki chache tu. Akigeuka kitandani, mabega na nyonga viende pamoja kama gogo linavyoviringishwa. Akiinuka alale ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mikono. Na asikandwe wala kuvutwa mgongo na mtu yeyote, hata kama fundi huyo ameunga mikono ya mtaa mzima.

Mpeni siku saba hadi kumi za mpango huo huku mkifanya MRI na vipimo vya damu. Kama bado hawezi kukaa, na MRI inang'aa L1, na kifua kikuu na saratani vimeondolewa, mimi ningekubali.

Siku ya kuwekewa simenti atalazwa kifudifudi, mito chini ya kifua na nyonga ili tumbo lining'inie na mgongo ufunguke kidogo. Kwa mwenye pumu mkao huo ni mgumu; mtaalamu wa usingizi amwone kabla, na pampu yake iwe karibu. Mara nyingi hutumika dawa ya kusinziza tu pamoja na ganzi ya mahali, siyo nusu kaputi. Antibayotiki huingia kwenye mshipa ndani ya saa moja kabla ya kuchoma. Ganzi hupelekwa kuanzia kwenye ngozi hadi kwenye utando wa mfupa. Utando huo usipopata ganzi mgonjwa ataruka sindano ikigusa. Chale ni ya milimita tatu hadi tano. Sindano ya kiunoni ni namba 11, nene karibu kama mrija wa wino wa kalamu ya Bic, nayo hugongwa kwa nyundo ndogo.

Njia yake ni kupitia kishikizo, lile jicho nililolitaja. Kwenye picha ya mbele, sindano huanzia ukingo wa juu wa nje: jicho la kushoto pale palipoandikwa 10 kwenye uso wa saa (kwetu ni saa nne), la kulia palipoandikwa 2. Kanuni ni moja na haina msamaha: ncha isivuke ukingo wa ndani wa jicho kabla picha ya ubavu haijaonyesha kwamba imeshapita ukuta wa nyuma wa pingili. Ukivunja kanuni hiyo umeingia mfereji wa neva. Ncha huishia theluthi ya mbele ya pingili.

Ndipo simenti huchanganywa, na hapa mgonjwa huokoka au huumia. Ikiingizwa ingali uji, hukimbilia penye njia rahisi: kwenye mishipa ya vena, kwenye ufa, kwenye diski. Inatakiwa ingoje mpaka ikining'inia kwenye ncha ya kifaa haidondoki, inajikunja kama dawa ya meno. Tatizo ni kwamba joto huiharakisha. Muda ulioandikwa kwenye pakiti umepimwa kwenye chumba cha nyuzi 20 hivi, na chumba cha Dar es Salaam ambacho kiyoyozi kimechoka mwezi wa Februari kinaweza kuwa na nyuzi 27. Dakika hupungua vibaya; mtu anajikuta anasukuma kwa nguvu kitu kilichokwisha kuganda, au anaanza mapema kwa kuogopa kuchelewa. Timu yenye uzoefu huhifadhi pakiti mahali pa baridi na huwasha saa tangu unga unapokutana na kimiminika. Umeme nao uwe na jenereta inayodaka mara moja, kwa sababu kusukuma simenti bila eksirei ni kusukuma gizani.

Huingizwa polepole, kwa sirinji za mililita moja moja au kwa kifaa cha skrubu, na picha ya ubavu hutazamwa kila nusu mililita. Kwa L1 hutosha mililita tatu hadi tano. Wanaotaka pingili ijae nyeupe pu wanakosea: nafuu haifuati wingi wa simenti, ila uvujaji unafuata. Ikifika robo ya nyuma ya pingili, acha. Ikionekana ikiingia kwenye mshipa, acha, subiri nusu dakika ikaze, jaribu kidogo. Ikiendelea, maliza hapo. Kabla ya kutoa sindano, kijiti cha ndani hurudishwa na sindano huzungushwa, la sivyo simenti huburutwa nje na kuacha mkia ndani ya misuli ambao utamchoma miaka. Mgonjwa hageuzwi mpaka mabaki kwenye bakuli yawe magumu.

Jirani yenu hajatunga uongo, amekuza tu. Uvujaji mdogo hutokea mara nyingi, hasa ukiutafuta kwa CT, na mwingi hauna madhara. Unaoumiza ni wa kuelekea nyuma. Ugwe wa neva huishia karibu na usawa wa L1 na L2, kwa hiyo kwa pingili ya mama yako simenti ikimwagika nyuma inaweza kubana ncha ya ugwe wenyewe. Ni nadra mikononi mwa mzoefu, lakini hutokea, na tiba yake ni upasuaji wa haraka. Ndiyo maana kazi hii ifanyike penye daktari wa upasuaji wa mgongo anayeweza kufungua saa hiyohiyo. Vipande vidogo vinaweza pia kwenda mapafuni. Akipata kifua kubana au pumzi fupi baada ya kurudi nyumbani, msidhani ni pumu yake tu.

Mnaweza pia kutajiwa kaifoplasti. Hiyo huanza na kifuko kinachojazwa maji ya rangi ndani ya pingili kutengeneza pango, kikatolewa, simenti nzito ikaingia bila kusukumwa sana. Uvujaji hupungua, bei hupanda, na nafuu ya maumivu ni ileile. Kwa pingili iliyoshuka theluthi moja nisingeuza kiwanja kwa ajili ya kifuko.

Rufaa ya kawaida kwa hapa ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Popote mtakapokwenda, ulizeni daktari amefanya ngapi, simenti ni ya mgongo na inaisha muda lini, nani atasoma kipande cha mfupa. Ombeni bei iliyoandikwa ikitenganisha vifaa, chumba, kitanda na vipimo, na bima ithibitishe kwa maandishi kabla ya siku, kwa sababu vifaa ndivyo hukataliwa mara nyingi.

Aspirini ndogo haitibu presha. Mwulizeni aliyeiandika kama ni kwa moyo au kiharusi. Msiiache wenyewe, mara nyingi haizuii kazi hii. Prednisoloni vilevile haikatishwi ghafla.

Baada ya simenti hulala chali saa moja au mbili, miguu hukaguliwa nguvu, na wengi hutoka siku hiyo au kesho yake. Nafuu ikija huonekana ndani ya siku mbili. Maumivu mapya makali baada ya wiki kadhaa yasidharauliwe. Pingili jirani, hasa T12 (ya mwisho ya kifua, juu tu ya L1), inaweza kuwa imebonyea. Ndiyo sababu tiba ya mfupa ni lazima, awe amewekewa simenti au la. Alendroneti miligramu 70 mara moja kwa wiki: asubuhi tumbo tupu, glasi nzima ya maji, siyo chai, kisha asile wala asilale kwa nusu saa, maana kidonge kikikwama kwenye umio huuchoma. Kama hawezi kukaa wima nusu saa, kidonge hicho kingoje, au achomwe asidi ya zoledroniki miligramu 5 mara moja kwa mwaka, figo zikiruhusu. Vitamini D yuniti 800 kwa siku. Dagaa waliwe wazima na mifupa yao, na maziwa mgando. Daktari wa pumu aangalie kama pampu ya kuvuta inaweza kuchukua nafasi ya vidonge. Na ndoo ya lita 20 ni kilo 20: maji ayachote kwa jagi.

Kuhusu Songea: ni zaidi ya kilomita 900, na kona za mlima Kitonga ziko katikati. Kama mwezi ujao anakaa saa mbili mfululizo kwenye kiti cha nyumbani bila kulia, anaweza kwenda, mradi akate siti za katikati ya basi mbali na magurudumu, mto mdogo uwe kiunoni, na alale Iringa njiani. Kama hafiki hizo saa mbili, nenda wewe kwa niaba yake.